Lenzi ya sarafu: 60mm, 100mm au pete tu?

Mwanagenzi_Mkomani
Salaam aleikum wakuu. Mzee ameniachia shilingi za Afrika Mashariki, zile za simba, za 1921 hadi 1952. Nataka picha safi za kuwaonesha wanunuzi. Kamera ni Canon ya sensa ndogo (sensa ni kile kibapa cha ndani kinachonasa picha). Nimekwama baina ya EF-S 60mm f/2.8 Macro na EF 100mm f/2.8 Macro, zote mtumba. Au nitie pete za kurefusha, zile tupu zinazokaa baina ya kamera na lenzi, kwenye 50mm niliyo nayo?

Bint_Shela
100mm, wala usiulize tena. Kwa 1:1, yaani sarafu ikitua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, 60mm inasimama kama sentimita 9 tu juu ya sarafu. 100mm inakuachia karibu 15. Shilingi hizo zinang'aa, zataka mwanga ushuke kutoka juu, ubavuni mwa lenzi. Lenzi ikikaribia mno, kivuli chake kinamfunika simba pamoja na milima yake. Tena 60mm haikai kwenye kamera ya sensa kubwa, ukija kubadilisha.

Fundi_Malindi
Dada, unamtia gharama bure. Shilingi ile ina upana wa milimita 28 hivi, na sensa ya kamera yake kimo ni milimita 15. Basi sarafu nzima inajaa picha kwa 1:2, nusu ya ukubwa wake, na hapo 60mm iko mbali ya kutosha. Kwa 100mm atahitaji stendi ndefu zaidi. 1:1 ni ya kusakia herufi ndogo za kiwanda kilichofua sarafu, H au KN.

Mwanagenzi_Mkomani
Na pete, kaka?

Fundi_Malindi
Pete ya milimita 12 kwenye 50mm inakufikisha karibu na 1:2. Kingo zitalegea kidogo. Funga tundu la lenzi hadi f/8. Usikimbilie f/22, tundu dogo kabisa, sarafu ni bapa, utapoteza ukali wa picha bure. Weka taimu, usibonyeze kwa kidole.

Mzee_Langoni
Wanangu, mtumba wa pwani kwanza mulikeni tochi ya simu kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu, mrudishie mwenyewe. Na wewe kijana, shilingi usizisugue kwa majivu wala dawa ya meno! Mkusanyaji akiona mikwaruzo anashusha bei papo hapo.

Mwanagenzi_Mkomani
Shukran mzee, sijazigusa. Naanza na pete.

Bint_Shela
Haya. Ukianza kuisaka KN utanitafuta.