Kompyuta ya kuongoza mashine ya nakshi: kerneli ya RT, RTAI au kadi ya Mesa?

FundiWaLangoni, Lamu
Assalamu alaikum jamaa. Nina mashine ya kuchonga mbao ya mihimili mitatu, naiendesha kwa LinuxCNC, programu ya kuongozea mashine kwenye Linux, kupitia poti ya paraleli, lile tundu la zamani la printa. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, ina kori mbili. Juzi nilikuwa nachonga mfaa wa mlango, mbao ni mbambakofi. Maua manane yakatoka safi kabisa. Kwenye la tisa mota ya X ikakoroma mara moja tu, grrr, kisha ikaendelea kama hakuna lililotokea. Kumbe kuanzia hapo kila petali imehama milimita mbili kushoto. Ubao mzima umekwenda.

Nimepima uchelewaji wa kompyuta, yaani inavyochelewa kutoa pigo la mota kwa wakati wake: kiwango cha juu ni mikrosekunde 180. Mmoja aniambia ninunue kompyuta mpya, mwingine nihamie RTAI, kerneli ya Linux ya aina nyingine ya wakati halisi, wa tatu asema nitafute kadi ya Mesa, ya kutoa mapigo ya mota badala ya kompyuta. Nianze na lipi?

MzeeWaMsumeno, Malindi
Waalaikumu salaam mwanangu, pole sana. Ubao kama huo unauma.

Kompyuta mpya iondoe kwanza. Kazi hii haitaki kompyuta ya mbio, yataka ya kutimiza miadi. Watazame wapiga matari kwenye maulidi: mmoja akichelewa pigo moja, safu yote yavurugika, hata kama mapigo mia yaliyotangulia yalikuwa sawa. Ndiyo maana wastani usiutazame, tazama kilele tu. Kwa poti ya paraleli, chini ya mikrosekunde 20 ni raha. Kati ya 30 na 50 utafanya kazi, ila mwendo utapungua. Ikifika 100, poti hiyo isahau. Na kompyuta mpya nyingi zina usingizi mzito: prosesa hulala ili kuokoa umeme, ikiitwa huamka saa imepita.

BintiWaShela, Lamu
Kaka, kabla hujatoa hata shilingi ingia kwenye BIOS, mipangilio ya bodi kabla Linux haijawaka. Zima C-states (usingizi wa prosesa), zima Turbo (mwendo wa ziada), zima Hyper-Threading (kori moja kujifanya mbili) na ule utaratibu wa kupandisha na kushusha mwendo wa prosesa. Kisha hakikisha kerneli yako, yaani kiini cha Linux, ni ya wakati halisi (RT) kweli, ile inayotimiza miadi: andika `uname -v`, utafute neno PREEMPT_RT. Wengi wamesikia kwamba mwaka 2024 RT iliingia kwenye kerneli kuu, toleo 6.12, baada ya takriban miaka 20 ya kubebwa pembeni kama kiraka, wakadhani kusasisha tu kunatosha. Hakutoshi. Lazima kerneli iwe imejengwa na chaguo hilo likiwa limewashwa. Kwenye Debian pakiti yake ni `linux-image-rt-amd64`.

Baada ya hapo ongeza `isolcpus=1` kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Kori moja itabaki kwa LinuxCNC, na fujo za kivinjari na mafaili zitakwenda kwa mwenzake. Halafu pima upya, na usipime dakika mbili! Acha saa nzima huku unanakili mafaili, unafungua madirisha na kucheza video. Yangu ilikaa kwenye 22 kwa dakika 40, nikachomeka fleshi ikaruka hadi 140.

Nahodha_wa_Mota, Malindi
Naafikiana na dada, ila kuna uchelewaji ambao hakuna kerneli itakayoutibu. Bodi nyingine, hasa za laptopu, zina SMI: bodi yenyewe hunyakua prosesa bila kuiuliza Linux, pengine kwa ajili ya joto au kibodi ya USB. Ukiona kilele kinarudi kila baada ya muda uleule, shuku huko.

RTAI kwa poti ya paraleli kwa kawaida hutoa namba nzuri kuliko RT, sikatai. Lakini itakufunga, maana kadi za Mesa za Etheneti hazifanyi kazi nayo. Nami ningeweka akiba ya kadi, kwa sababu mapigo ya kusogeza mota hatua kwa hatua hutengenezwa na FPGA, chipu maalumu iliyo ndani yake. Kompyuta huzungumza nayo mara moja kila mikrosekunde 1,000, basi ikichelewa 80 mota haijui. Waya wa Etheneti uende moja kwa moja, usipitie swichi ya mtandao.

MwanaMatondoni, Lamu
Mbona hamjataja Arduino, ile bodi ndogo, yenye programu ya GRBL? Inatoa mapigo 30,000 kwa sekunde, na uchelewaji wa kompyuta hauigusi.

MzeeWaMsumeno
Kweli, kwa mihimili mitatu yatosha. Siku akitaka mhimili wa nne wa kuchongea nguzo, ndipo itamkwamisha. Halafu tupige hesabu ya alichonacho. Tuseme skrubu yake yasogea milimita 5 kwa mzunguko, mota ni ya hatua 200, draiva ya mota yagawa kila hatua kwa 8. Hiyo ni hatua 1,600 kwa mzunguko, yaani 320 kwa kila milimita. Akiweka kipindi cha mapigo cha mikrosekunde 50, na kila hatua itumie vipindi viwili, cha kuwasha na cha kuzima, apata hatua 10,000 kwa sekunde: milimita 31 kwa sekunde. Mbao ngumu kama mbambakofi huwezi kuikimbiza zaidi ya hapo. Basi kompyuta ikishuka hadi 30, hana haja ya kununua kitu.

FundiWaLangoni
Nimerudi. BIOS peke yake imeshusha 180 hadi 64. RT nilikuwa nayo tayari. Nilipoweka `isolcpus` ikawa 27, na haikupanda kwa saa tatu. Nimeweka kipindi cha 50 kama alivyosema mzee. Nikafunga sindano badala ya kisu, nikatoboa alama kwenye kipande cha mwembe, nikaiendesha programu ya maua ishirini hewani, kisha nikairudisha sifuri. Sindano ikaingia kwenye tundu lilelile. Kadi nitaitafuta nikifika kwenye nguzo.

BintiWaShela
Alhamdulillah. Pima tena adhuhuri, kaka, karakana ikishapata joto, kabla hujapandisha mbambakofi.

FundiWaLangoni
Sawa dada. Kesho saa saba naiwasha.