Joto la ghafla mchana na usiku, nina miaka 49: naombeni ushauri

Mama Kulwa: Habari zenu wapendwa. Nafundisha shule ya msingi hapa Dar. Tangu mwaka jana hedhi inarukaruka, na sasa kuna hili joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unaenda mbio, jasho chapachapa, kisha nabaki natetemeka kwa baridi. Juzi lilinikuta ubaoni mpaka chaki ikaloa mkononi. Usiku ndiyo usiseme, naamka kubadilisha khanga. Malaria nimepima, hamna. Mume wangu ana hofu naumwa kitu kikubwa. Je, ndiyo kukoma hedhi?

Bi Mkubwa wa Tanga: Pole mdogo wangu, nimepita huko. Mimi lilikuwa likichochewa na chai ya moto na pilipili, nikaanza kuiacha chai ipoe. Nguo za nailoni weka kando, lala na pamba tupu, feni iwe karibu. Likianza, vuta pumzi taratibu. Na mumeo mweleze, asibaki na hofu yake peke yake.

Nesi Mstaafu: Dada, maelezo yako yanafanana sana na kukaribia ukomo wa hedhi, ambao wengi huupata kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni, yaani homoni ya kike, ikipungua, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, inatanua mishipa ya ngozi na kutoa jasho ili mwili upoe, ndiyo maana baadaye unasikia baridi. Kwa wengine hali hii huchukua miaka 7 au zaidi, kwa hiyo usijilazimishe kuvumilia tu.

Ila jasho la usiku lina sababu nyingi. Ukiwa na kikohozi kisichoisha au unakonda, pima TB. Pima VVU na tezi ya shingo pia.

Tiba ipo. Homoni ndizo zinazosaidia zaidi, lakini mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa projesteroni, homoni nyingine ya kike, kumkinga na saratani ya mji wa mimba. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mguuni amwambie daktari mapema, maana kuna dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini.

Mama Kulwa: Asanteni mno, nimepumua. Presha ninayo na natumia dawa. Homoni nitapewa kweli? Jirani naye kaniletea unga wa mizizi.

Nesi Mstaafu: Presha ikiwa imetulia haikunyimi moja kwa moja. Daktari atakupima kwanza, na anaweza kupendelea estrojeni ya kupitia ngozini kuliko vidonge. Nenda na dawa zako zote mkononi. Huo unga uache, hujui utakutana vipi na dawa za presha. Halafu mimba bado inaweza kuingia. Kwa umri wako, uzazi wa mpango uendelee mpaka ipite miaka 2 bila hedhi, na kwa aliyevuka 50 mwaka 1. Mwaka mzima ukipita bila hedhi, kisha ukaona damu hata tone, wahi hospitali.