Popo walio darini: sumu au wavu?

Mwalimu, Kakamega: Wazazi wa shule moja huku kwetu wanataka popo wa darini wapuliziwe sumu likizo ya Agosti. Napinga, ingawa hofu yao ina msingi. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi kiwanda cha sukari huku magharibi aliingia pango la Kitum, Mlima Elgon, akaugua Marburg, homa hatari ya virusi vinavyobebwa na popo, na kufia Nairobi. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Denmark aliyetembelea pango hilohilo alifariki pia.

Lakini popo anayebeba Marburg haonekani kuugua. Sisi mara nyingi tunaumizwa pia na kinga yetu wenyewe inapowaka kupita kiasi. Kwa popo, protini ya STING, inayoshtua mwili DNA ikionekana isipostahili ndani ya seli, imepunguzwa nguvu. NLRP3, inayochochea uvimbe, vilevile. Watafiti wanahusisha hili na kuruka, kazi nzito inayoharibu DNA ya seli zake.

Mama wa Gredi ya 4: Mwalimu, hiyo ni sayansi nzuri. Mtoto wangu anafika asubuhi anafuta kinyesi cha popo kwa daftari ndipo akae. Tungoje nini?

Mwalimu: Usingoje, mama. Ila tazama Uganda. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka walipata Marburg 2007, baadaye popo wakaangamizwa. Popo wengine walihamia humo, na 2012 popo walioambukizwa walikuwa asilimia 13.3, kutoka 5.1 ya awali. Mwaka huohuo ugonjwa ukazuka Ibanda, jirani na mgodi. Tena wale wa Kitaka na Kitum ni popo wala matunda wa mapangoni. Wa mabati yetu wengi ni wale wadogo wala wadudu. Ukiwapulizia sumu wataanguka juu ya madawati, na watoto watawaokota kwa mikono.

Fundi, Mumias: Kazi ya kuwatoa popo naifanya. Tafuta tundu wanalotokea jioni, ning'iniza wavu kwa nje, uachie upande wa chini: watatoka, kurudi hawawezi. Baada ya siku chache ziba. Msifanye wakiwa na vichanga, vitafia ndani na harufu haitawaacha msome. Kinyesi kimwagiwe maji yenye dawa kabla ya kukwanguliwa, fundi avae barakoa na glavu.

Mama wa Gredi ya 4: Hapo nimeelewa. Basi pesa ya sumu bodi impe fundi, na mtoto asishike ufagio.