Kumtuliza mgonjwa wakati wa endoskopi bila dawa: lipi linasaidia na lipi ni pambo?

MuuguziChumbaTatu:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni muuguzi ninayesaidia katika chumba cha endoskopi, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo au utumbo kwa mpira mrefu wenye kamera, na huu ni mwaka wangu wa pili. Wagonjwa wetu wengi hupimwa wakiwa macho kabisa: baadhi kwa sababu maradhi ya moyo au ya mapafu yanatufanya tuziogope dawa za usingizi, wengine kwa sababu hawana mtu wa kuwasindikiza na ni lazima warudi kwenye shughuli zao siku ileile, na wachache kwa sababu hawapendi kupotewa na fahamu mbele ya watu wasiowajua. Kipimo cha tumbo la juu huisha kwa dakika 5 hadi 10, na cha utumbo mpana huchukua takriban nusu saa, lakini hofu huanza siku kadhaa kabla, hata mtu anapopanda kitandani anakuwa amekwisha kuchoka.

Tumejaribu muziki, tumejaribu kuwashika mkono, tumejaribu kuwaeleza kila kitu na tumejaribu kutowaeleza. Matokeo hayafanani. Kinachonisumbua zaidi ni maneno. Mwenzangu mmoja husema "sasa utasikia maumivu kidogo, vumilia," akiamini kwamba mgonjwa anastahili kuambiwa ukweli. Mwingine husema "haiumi hata kidogo," na mgonjwa akigundua vinginevyo haamini tena neno lolote litokalo vinywani mwetu. Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu: kati ya mambo yote yasiyo ya dawa, ni lipi lenye uzito wa kweli, na mtu aseme nini mpira unapoanza kuingia?

DaktariWaTumbo:

Ndugu muuguzi, kabla ya kufika kwenye muziki na maneno, tuulize kwanza maumivu yenyewe yanatoka wapi, kwa sababu sehemu kubwa yake haitoki kwa mgonjwa bali kwenye mkono wa anayeshika kamera. Utando wa ndani wa utumbo hausikii kukatwa. Ndiyo maana tunachukua kinyama cha kupima na mgonjwa hajui kwamba kimechukuliwa, isipokuwa karibu kabisa na njia ya haja kubwa, ambako ngozi ina hisia. Utumbo husikia kuvutwa na kujazwa. Katika kolonoskopi, yaani kipimo cha utumbo mpana, mpira ukisukumwa kwa nguvu hujikunja kitanzi kwenye ile sehemu yenye umbo la S, kitanzi hicho kinavuta utando unaoushikilia utumbo mgongoni, na hapo ndipo mgonjwa anapolia. Anayelia anakupa habari. Jibu lake ni kurudisha mpira nyuma, kuunyoosha, na kuanza tena taratibu. Kumwambia avumilie huku ukiendelea kusukuma hakukunjui kitanzi.

Jambo la pili ni hewa. Hewa ya kawaida inayopulizwa ili kufungua njia hubaki tumboni kwa muda mrefu na kumwachia mgonjwa tumbo lililovimba baada ya kipimo. Kabonidayoksaidi hunyonywa haraka na damu kisha hutolewa kwa pumzi, hivyo maumivu ya baadaye hupungua sana. Wasio na mtambo wa gesi hiyo wanaweza kutumia maji: unajaza maji kidogo kidogo badala ya hewa wakati wa kuingia, unayafyonza pamoja na uchafu, na utumbo hautanuki kupita kiasi. Njia hii huchukua dakika kadhaa zaidi, na kwa maoni yangu dakika hizo zina faida. Majaribio mengi yameonyesha kwamba kwa watu wanaopimwa wakiwa macho, maji ya kuingiza na kufyonza hupunguza maumivu kuliko hewa.

Mgonjwa aliye macho ana faida moja ambayo aliyelala hana: anaweza kugeuka mwenyewe. Kutoka ubavu wa kushoto kwenda chali, au hata ubavu wa kulia, mara nyingi hufungua kona ambayo ungeisukuma kwa dakika 10 bila mafanikio. Mkono wako wewe muuguzi unapobonyeza tumbo mahali panapofaa unazuia kitanzi kisijitokeze, na hiyo ni tiba ya maumivu kama nyingine yoyote. Muwe waangalifu zaidi na wanawake wembamba na wale waliowahi kupasuliwa sehemu ya chini ya tumbo au kutolewa kizazi, kwa kuwa utumbo wao huwa na kona kali; kwao ni afadhali mpira mwembamba zaidi tangu mwanzo.

Gastroskopi, yaani kipimo cha tumbo la juu, ni habari tofauti. Pale shida si maumivu bali kutaka kutapika na hofu ya kukosa pumzi. Kamera ya kawaida ina unene wa milimita 9 hadi 10 na hupita kwenye shina la ulimi, mahali palepale panapoamsha kutapika. Kamera nyembamba ya milimita 5 hadi 6 inaweza kupitishwa puani, ikaukwepa ulimi, na mgonjwa akaendelea kuzungumza nanyi wakati wote. (Pua nayo huhitaji ganzi kidogo, kwa hiyo sitadai kwamba ni njia isiyo na dawa kabisa.) Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1868 Adolf Kussmaul alipotaka kuangalia ndani ya tumbo la mtu aliye hai alilazimika kumtafuta mmeza panga, kwa sababu chombo chake kilikuwa bomba lililonyooka, na mwaka 1957 Basil Hirschowitz alipopata mpira unaopinda, aliumeza mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Sisemi kila daktari aumeze. Nasema tu kwamba aliyewahi kuumeza hasukumi vilevile.

SistaMkongwe:

Daktari amesema kweli kuhusu mkono, nami nimesimama kando ya mikono mingi. Nitajibu lile la maneno, mdogo wangu, kwa kuwa ndilo ulilouliza kwa uchungu.

Mwaka 2005 Elvira Lang na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo katika vyumba vya tiba ambamo wagonjwa walikuwa macho. Waliona kwamba kumwonya mtu kwa maneno ya maumivu, kama "utasikia uchungu" au "hapa patachoma," kulifuatiwa na maumivu na wasiwasi mwingi zaidi kuliko kutomwonya hivyo. Hata pole inayotolewa baada ya jambo kutokea iliongeza wasiwasi, ingawa haikuongeza maumivu. Mwenzako anayesema "vumilia" ana nia njema, lakini neno lake linafika kabla ya mpira.

Hilo halimpi ushindi yule anayesema "haiumi," kwa sababu huyo anatumia imani ambayo hataweza kuirudisha. Kuna njia ya tatu, na ni ya zamani kuliko wengi wenu: mwaka 1973 Jean Johnson na wenzake waliwaandaa wagonjwa wa gastroskopi kwa kuwaeleza mambo watakayoyahisi, wala si hatua za kipimo tu, na waliopewa maelezo hayo walipita katika kipimo kwa utulivu zaidi. Eleza hisia bila kuihukumu. Mimi husema: "Utahisi kitu kikigusa nyuma ya ulimi, na koo litataka kukisukuma nje, ndiyo kazi ya koo. Mpira unapita njia ya chakula, njia ya pumzi iko wazi. Vuta pumzi kwa pua, toa polepole, mate usiyameze, yaache yatiririke, nimeweka kitambaa." Kwa utumbo mpana husema: "Utahisi tumbo limejaa na kubana kama unataka kwenda haja. Ni hewa, hakuna kitakachotoka, na ukihitaji kuitoa hewa, itoe, humu ndani hakuna anayeona aibu." Ungeshangaa ni wangapi wanaoumia kwa sababu tu wanaibana hewa kwa heshima.

Kila mmoja mpe alama ya kusimamisha. Kwa kuwa mwenye mpira mdomoni hawezi kusema, hukubaliana nao kwamba wakiinua mkono wa kushoto tunasimama. Alama hiyo ina sharti moja: ikiinuliwa, daktari asimame kweli, hata kama amebakiza sentimita mbili. Ikipuuzwa mara moja ni bora isingetolewa. Wengi hawaitumii kamwe. Wanatulia kwa kujua kwamba wanayo.

Kuhusu muziki, unapunguza wasiwasi kwa wengi, ingawa kwa maumivu matokeo ya utafiti hayakubaliani. Achague mgonjwa mwenyewe, usikike kwa sauti ya chini chumbani, na usimzibe masikio yote mawili, maana sauti yako itamfaa zaidi ya wimbo. Miwani ya uhalisia pepe (ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu mandhari ya kompyuta) nayo imejaribiwa na kusifiwa, na sina ugomvi nayo, lakini wapo wanaotaka kuona kinachoendelea na wapo wasiotaka. Waulize mapema: "Wewe ni mtu wa kupenda kujua kila hatua, au ungependa nikwambie tu tukimaliza?" Ukimmiminia maelezo asiyeyataka, umemwongezea hofu.

NiliyemezaMpira:

Sina taaluma yenu, ila nimepimwa tumbo la juu mara mbili. Mara ya kwanza watu wawili walinishika mabega, hakuna aliyenitazama usoni, na waliokuwa chumbani walizungumza wao kwa wao kuhusu zamu zao za wiki iliyofuata. Ninachokikumbuka si koo bali ile mikono, kwa sababu mwili ulielewa kwamba nimekamatwa. Mara ya pili, mahali pengine, muuguzi aliweka kiganja kimoja begani bila kukandamiza, akawa anahesabu pumzi pamoja nami kwa sauti ileile moja, na nilipokaribia kutapika alisema "toa pumzi ndefu, bado kidogo, sasa tumefika chini." Nilitoa machozi na mate mengi, siwezi kusema nilifurahi. Lakini nikitakiwa kurudi kwake nitarudi, na kule kwa kwanza nilikataa miadi mbili.

MsomajiWaKando:

Naomba niingize wasiwasi wangu. Mazungumzo haya ni mazuri, lakini naogopa yasije yakawa kisingizio cha kumnyima dawa mtu anayeihitaji. Mtu akiomba dawa ya usingizi, aambiwe kwamba kuna muziki na pumzi?

DaktariWaTumbo:

Hapana, na nashukuru umelisema. Katika nchi kama Norway ni jambo la kawaida kuanza kolonoskopi bila dawa, lakini dawa huwa tayari na mgonjwa anaweza kuiomba katikati ya kipimo. Hayo yote tuliyoyataja yanamfaa pia aliyepewa dawa, kwani dozi ndogo hutosha zaidi kwa mtu aliyetulia. Kusimamisha kipimo na kukipanga upya kwa dawa kusihesabiwe kuwa kushindwa, wala kwa mgonjwa wala kwa daktari.

Niongeze jambo ambalo NiliyemezaMpira amenikumbusha. Donald Redelmeier na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1996 kwamba mgonjwa wa kolonoskopi hakumbuki jumla ya maumivu aliyoyapata wala muda wake, bali kilele cha maumivu na namna yalivyoishia. Mwaka 2003 walichapisha jaribio la watu 682, ambapo nusu yao ncha ya kamera iliachwa imetulia kwa muda mfupi mwishoni kabla ya kutolewa. Waliofanyiwa hivyo walikumbuka kipimo kwa uchungu mdogo zaidi, na kwa kiasi fulani walikuwa wepesi zaidi kurudi. Sipendi kurefusha kipimo cha mtu kwa ajili ya kumbukumbu yake, lakini nimejifunza kutoharakisha mwisho: nafyonza hewa yote ninapotoka, naitoa kamera polepole, na simwachi mgonjwa akiwa uchi huku sote tumegeukia kompyuta.

MuuguziChumbaTatu:

Shikamoo sista, na asante daktari. Asante pia kwako uliyesimulia kuhusu mabega. Nimekaa nikijiuliza ni wangapi niliowashika hivyo. Kesho tuna wagonjwa 7 kwenye orodha. Nitaanza na alama ya mkono wa kushoto, baada ya kuzungumza na daktari wa zamu kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na ile sentensi ya mate na njia ya pumzi nimeiandika kwenye karatasi niibandike ukutani upande ninaosimama. Je, sista, kwa mgonjwa asiyesikia vizuri, wewe humwelezaje kupumua wakati amelala ubavu na hawezi kuuona uso wako?

SistaMkongwe:

Marahaba. Hamia upande anaoelekea, piga magoti uwe usawa wa macho yake, na mpe mkono wako. Unaufinya kidogo avute pumzi, unaulegeza aitoe. Mfanye mazoezi mara tatu au nne kabla mpira haujaguswa, wala usiuachie mkono huo kwenda kuchukua chombo. Mwombe mwenzako akuchukulie.