Vitamini na dawa ya kila siku: nimeze pamoja?

DerevaMalaba: Habari zenu wakubwa. Nina miezi mitatu natumia vitamini, ile ya mchanganyiko. Kuna na dawa ya hospitali nameza kila siku. Juzi nimesikia redioni eti vinapigana. Ni kweli? Jumatatu nina kipimo, nisaidieni.

MzeeWaBombo: Sisi tulikula muhogo, dodo na samaki, tukazaa watoto tisa. Vitamini za chupa za nini?

MamaNakawa: Marehemu mama alikuwa kwenye warfarin, ya kuzuia damu kuganda. Aliposikia mboga za majani zina vitamini K inayoivuruga, akaacha nakati kabisa. Kliniki wakamgombeza: kula, ila kiasi kilekile, si leo sahani tatu kesho hakuna. Alivyoipenda nakati yule mama!

MuuguziJinja: Ssebo, dawa gani? Kipimo gani? Hapa tunapiga ramli.

DerevaMalaba: Kwani lazima? Ya kawaida tu.

MuuguziJinja: Lazima.

DerevaMalaba: Haya. TLD, dawa ya VVU, mwaka wa sita. Kipimo ni cha wingi wa virusi, siku zote havionekani. Naishi kwa kaka, Bweyogerere. Muuza vitamini ni shemeji, na hali yangu haijui. Chupa ya TLD inalia kama kayamba, basi vidonge nimevihamishia kwenye chupa ya vitamini. Saa kumi na moja alfajiri nameza vyote, nawasha lori. Hakuna anayeuliza. Na msiniambie niache vitamini, nimeshalipia chupa tatu.

KijanaMbale: 😂😂 Shemeji, kayamba, lori! Subirini, kesho anaweka bei na namba ya simu. Matangazo yote huanza hivi.

DerevaMalaba: Tangazo gani linasema bidhaa inapigana na dawa?

MamaNakawa: Mbale, wanaohamisha vidonge ni wengi. Hata mimi... basi tu.

MuuguziJinja: Awe mkweli awe mwongo, jibu ni lilelile. Soma chupa: kuna kalsiamu, chuma, zinki, magnesiamu? Madini hayo yanaishika dolutegravir, dawa mojawapo iliyomo kwenye TLD, tumboni, inayoingia kwenye damu inapungua. Meza TLD kwanza, vitamini baada ya saa mbili. Ukitanguliza vitamini, subiri saa sita. TLD usiruke hata siku moja, na Jumatatu waambie yote, chupa uende nayo.

DerevaMalaba: Yote manne yapo. Lakini nimekuwa na nguvu jamani, hamjui tu.

MzeeWaBombo: Nguvu za kulipia chupa tatu.

DerevaMalaba: Sawa. TLD alfajiri, vitamini nikifika Malaba. Vidonge nitavificha kwenye lori.

MuuguziJinja: Lori lina joto, vitaharibika. Nyumbani, pakavu.

DerevaMalaba: Basi ndani ya kiatu cha kanisani. Hicho shemeji hagusi.

KijanaMbale: Na Jumapili je?