Mtu mzima afundishwe kusoma kwa picha au aanze na herufi moja kwa moja?

MwalimuWaJioni
Wakuu habari za jioni. Nafundisha kisomo huku Ukerewe, darasa la kinamama wa mwaloni wanaoanika dagaa, wako 14 na wengine wana wajukuu. Tumeletewa chati, kila neno na picha yake. Wiki iliyopita nimebandika ya da-ga-a, dagaa mwenyewe kachorwa kajaa karatasi nzima, nikamuuliza bibi mmoja hapa pameandikwaje, akajibu SATO. Bila wasiwasi. Nikamwambia bibi angalia herufi, akasema mwalimu dagaa gani ana tumbo hilo. Sasa nauliza, hizi picha zinasaidia au zinampa mtu kitu cha kubahatisha? Maana herufi hakuzitazama kabisa.

KijanaWaNyakato
Zinasaidia dada, mwenye kosa hapo ni mchoraji. Ile Ndiyo Naweza, mpango wa kisomo wa Wakuba, ilikuja na masomo ya video kabisa, halafu kila herufi inafungwa na namba yake, kwa sababu mtu mzima hata kama hajasoma hela anahesabu, namba anazijua. Unaanzia kwenye anachokijua.

MzeeWaMasasi
Video utawashia umeme wa nani? 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima sisi tulikaa chini ya mwembe, ubao tumeupaka unga wa betri zilizokufa, basi. Masasi tulikuwa kwenye zile wilaya za kufuta ujinga kufikia mwisho wa 71, na hata hiyo Ukerewe yako ilikuwemo. Mtu mzima kumwonyesha picha ya kuku ni kumrudisha chekechea. Picha tulizitumia kwenye kura za wabunge, mgombea mmoja alama yake jembe na mwenzake nyumba, na tuliona matokeo yake, watu walichagua jembe tu kwa kuwa ni jembe hata mgombea awe mlevi.

BintiWaNewala
Shikamoo mzee wangu, ila hapo kwenye jembe umeniumiza. Mama yangu hajui kusoma mpaka leo na 1975 alipiga kura ya nyumba akijua vizuri anamchagua nani na kwa nini, alisikiliza kampeni, aliuliza maswali kuliko hao wenye miwani. Kutojua herufi sio kutojua mambo. Tusitukanane.

MzeeWaMasasi
Marahaba mwanangu. Sijamtukana mtu, nimesema nilichokiona. Nilikuwa msimamizi kituoni.

Mtu_Chake
Jembe na nyumba zilianza 1970 si ndio?

KijanaWaNyakato
1965 mkuu, uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja.

Mtu_Chake
Basi kule kwetu nyumba ilishinda, kwa hiyo mzee hiyo nadharia ya jembe haisimami. Na rais je, si ilikuwa picha ya Mwalimu kwa ndiyo na kivuli kwa hapana? Watu wa kivuli walikuwepo, na hakuna aliyewasomea.

MzeeWaMasasi
Kivuli waulizeni waliopiga. Mimi naongelea jembe.

Mpenda_Takwimu
Rudini kwenye mada jamani. Mtihani wa taifa wa 1975 ulikuta asilimia 39 ya watu wazima bado hawajui kusoma, 1986 wakawa chini ya 10. Kazi hiyo imefanywa na vitabu vya pamba, uvuvi, ndizi, ufugaji, yaani mtu anasoma kazi yake. Mwenye kumiliki ng'ombe anataka kusoma neno ng'ombe, umwekee picha usimwekee.

KijanaWaNyakato
Na baada ya hapo wangapi walisahau? Unampa mtu cheti cha daraja la nne la kisomo halafu kijijini hakuna gazeti hata moja. Mwanza tulikuwa na gazeti la Elimu Haina Mwisho, limetengenezwa kwa ajili yao, waulize vijana wa leo kama wanalijua.

BintiWaNewala
Mimi bado sijajibiwa. Mzee anasema watu walichagua kama vipofu.

MwalimuWaJioni
Jamani swali langu ni la dagaa. Jana nimezitoa chati zote, nikaja na daftari la mzani, lile analoandika mnunuzi kilo zao. Nikawaandikia majina yao ubaoni kama yalivyo kwenye daftari. Bibi yule wa sato akaenda mpaka mbele akaweka kidole kwenye jina lake, halafu kwenye namba, akauliza mbona hapa pana 18 na mimi nilipeleka 21. Darasa likaishia hapo, wote wakataka kutafuta mistari yao. Hakuna picha pale. Ila najiuliza, daftari lenyewe si ndio picha wanayoiona kila siku?

MzeeWaMasasi
Hilo ndilo nililokuwa nasema tangu mwanzo. Na wewe binti, mama yako mlete darasani, aache kusemewa.

BintiWaNewala
Alikwenda mzee. Siku mbili. Ya pili mwalimu akamsimamisha mbele za watu akamwambia na umri wote huo hata a huijui. Hajarudi tena, na hazikuwa picha zilizomfukuza.

MwalimuWaJioni
Alikuwa anataka kusoma nini, mama?

BintiWaNewala
Karatasi ya korosho. Ile wanayompa akipeleka gunia.