Elfu tatu ya usafiri mnatukata kwenye tiketi, basi liko wapi?

Wakuu wa Chuga na Moshi, habari za jioni. Mods, tafadhali uzi huu msiuunganishe na ule wa sehemu nzuri za kupeleka familia, maana hapa sisifii kitu.

Kuna bustani ya michezo ya maji na loji yake kwenye hii barabara yetu ya Arusha–Moshi. Jina silitaji, waliokwenda wameshaelewa. Mwaka jana walitangaza upanuzi kwa mbwembwe zote: slaidi mpya, bwawa la mawimbi, vyumba vya kulala vimeongezwa. Tiketi ikapanda, sawa, vitu vimepanda. Lakini chini ya bei wakachomeka mstari mpya: "mchango wa usafiri na miundombinu 3,000/=". Kila kichwa, mtoto naye kichwa. Uliyekuja na gari lako unakatwa. Jirani anayeishi nyuma ya ukuta wao na kuja kwa miguu anakatwa.

Naomba nijibiwe kama mteja, si kama mtu mwenye kijicho: huo usafiri uko wapi?

Kilichopo ni Kosta mbili. Zinatoka Arusha tu. Wa Moshi anaambiwa apande Kosta za abiria wote, ashuke njia panda, kisha amalizie na bodaboda kwenye vumbi hadi getini. Mtu ana watoto, ana maboya, ana hotpoti (ambayo getini haipiti, hilo nalo lina uzi wake siku nyingine). Siku za kawaida boda ni buku. Sikukuu ni buku tatu na hawabembelezi. Kwa hiyo kabla hujalowa hata unyayo umeshalipia usafiri mara mbili, mara moja kwao na mara moja kwa aliyekubeba kweli.

Jioni ndiyo balaa lenyewe. Mabwawa yanafungwa saa kumi na mbili, na watu wote wanatoka kwa mpigo. Kosta moja inabeba watu kama thelathini. Mbili zikiondoka, zimeondoa sitini, na hamtaziona tena hivi karibuni, kwa sababu njia nne za kutoka mjini zinaishia Tengeru. Kuanzia hapo ni njia mbili, malori, na foleni ya Usa River. Tarehe 26 Desemba tulibaki getini mpaka giza, umati kama wa mkutano wa kampeni, watoto wanatetemeka na nguo mbichi, mlinzi anatukemea tusikae kwenye majani. Noah zikaja kutuokoa, kwa bei ya kukomoana.

Na Desemba jamani! Kuna mtu Kilimanjaro hajui kwamba Desemba watu wanarudi nyumbani? Mabasi ya Dar yanajaa mapema, Moshi mjini hupati pa kuegesha, kila mangi ana wageni watano sebuleni na hajui awapeleke wapi. Wao wenyewe walibandika mabango kuwakaribisha haohao. Basi wa kumshangaa nani hapa?

Nilipoingia ofisini kulalamika, kijana mmoja wa mapokezi, mpole kabisa simlaumu, akanijibu: "Bosi, hata Disney kule Marekani mgeni anajilipia usafiri."

Haya, tuiongelee Disney, kwa kuwa wameitaja wao.

Walt Disney World ya Florida ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, na monoreli, yaani treni ya reli moja ya juu, ilikuwa inatembea tangu mwanzo. Maegesho makuu yaliwekwa ng'ambo ya ziwa la kuchimbwa, ukiacha gari unavushwa kwa monoreli au kwa feri, bila nauli. Walipofungua Epcot, bustani yao ya pili palepale, mwaka 1982 wakavuta monoreli hadi huko. Mwaka 2019 wakaongeza vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, Skyliner, kila kimoja watu hadi 10, kuunganisha baadhi ya hoteli na bustani mbili. Na mabasi yao kati ya hoteli na bustani hayana nauli. Yaani njia zipo tatu au nne, ili watu wakitoka kwa pamoja usiku wasimwagike wote kwenye mlango mmoja.

Si malaika, nakubali. Kuegesha bustanini mgeni wa mchana analipia. Lile basi lao la bure la kutoka uwanja wa ndege, lililoanza 2005, walilifuta Januari 2022. Nadhani hapo ndipo kijana aliokota hoja yake. Lakini kule anayelipia basi la uwanja wa ndege anapanda basi. Mimi nimelipia basi nikapanda Noah.

Sasa suala la nani anagharamia, maana ndiko wanakotupeleka. Mwaka 1967 jimbo la Florida liliunda wilaya maalumu, Reedy Creek, ikapewa uwezo wa kutoza kodi na kuuza hatifungani (hati za kukopa hela kwa wawekezaji) ili kujenga barabara, maji na mifereji ya eneo lile. Mlipa kodi mkubwa wa wilaya hiyo ni Disney mwenyewe. Ulikuwa upendeleo mkubwa, na ugomvi wa kisiasa ulifanya jimbo liibadili jina na bodi mwaka 2023. Hata hivyo gharama za barabara zake kwa sehemu kubwa zilirudi mfukoni kwa mwenye bustani.

Anaheim, California, mji wenye bustani ya Disneyland, ni hadithi nyingine, na hii wana halmashauri muisome mara mbili. Mwaka 1997 mji uliuza hatifungani za dola milioni 510 kwa ajili ya kupanua ukumbi wa mikutano, kutengeneza mitaa na kujenga jengo la maegesho la zaidi ya magari 10,000 la Disneyland. Jengo hilo kampuni ikalikodi kwa dola 1 kwa mwaka, na hela ya maegesho inachukua yenyewe. Dola moja!

Nayataja haya kwa sababu mtaani inasemwa wakubwa wa bustani yetu wanataka kipande cha kutoka barabara kuu hadi getini kitiwe lami kwa hela ya umma. Lami siichukii, vumbi lile linaua maduka ya akina mama pale njia panda. Ila kama mgeni ameshalipa "miundombinu" kwenye tiketi, na mwananchi analipa tena kupitia kodi, mwenye bustani analipa nini? Wafaransa waliweka reli ya RER, treni za Paris na vitongoji vyake, kwenye mkataba wao na Disney wa 1987, na treni ikafika Chessy, kituo cha mlangoni pa bustani, siku chache kabla Disneyland ya Paris haijafunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Serikali ilitia hela nyingi, sawa, lakini kila mtu alijua mapema nani analeta nini. Hapa tunajulia kwenye risiti.

Halafu huo "upanuzi". Slaidi moja inayoshusha mtu kila nusu dakika inashusha watu 120 kwa saa. Weka tatu, ni 360, tena zikifanya kazi zote, na siku ile moja ilifungwa kwa kamba. Ukiingiza watu 1,500, zinapita zaidi ya saa nne ndipo wote wapate mteremko mmoja mmoja. Hesabu ya darasa la tano hii. Uwezo wa bustani haupimwi kwa ukubwa wa uwanja wala kwa idadi ya vyumba, unapimwa kwa wangapi wanahudumiwa kwa saa na wangapi wanatoka salama jioni. Kuuza tiketi bila kikomo ni kugawa kadi za harusi bila kuongeza sufuria.

Ninachotaka si kikubwa. Siku za sikukuu wakodi Kosta za ziada, zimejaa stendi, wenyewe wanatafuta kazi. Ziwepo za Moshi pia. Tiketi ziwe na ukomo na zikiisha watangaze asubuhi, mtu asisafiri bure kutoka Rombo. Au wafute ile elfu tatu, kila mtu ajitegemee tujue moja.

Kama humu yupo diwani au mtu wa halmashauri: kabla hamjapitisha lami hiyo, waombeni hesabu za elfu tatu tatu tangu walipoanza kukata. Na wewe uliyefungua ID mpya jana kuwasifia kwenye uzi wa familia, jibu hapahapa hadharani, PM yangu iache.